Uso wa Baba Mkwe

Daktari Subilaga Mwambene alikuwa chini ya meza. Koti lake jeupe lilikuwa limeshika vumbi magotini, mkono mmoja umefunika uso, na mwingine unapapasa sakafu kutafuta kiatu kilichomvuka. Juu yake, kwenye skrini iliyochukua ukuta mzima wa zahanati ya Lupondo, ulionekana mgongo wa mtu. Ulikuwa mgongo mpana ajabu, umevalishwa koti la sufu la kahawia, na kiti kilichoubeba kililalamika kila mwenye mgongo alipovuta pumzi.

“Uso wa mgonjwa haujaonekana,” ikasema sauti ya Shahidi, mashine ya kushuhudia matibabu, kutoka darini, kwa upole ule ule inaomsemesha nao kila mtu. “Uso wa daktari haujaonekana. Tafadhali tazamaneni.”

“Tazamaneni!” akafoka mwenye mgongo, akiuambia ukuta wa sebule yake. “Mama Ambakisye, hebu kiambie hicho kidude kwamba mtu hatazamani na mkwewe. Kimelelewa wapi?”

Kosa lilianzia kwenye jina. Asubuhi mashine ilikuwa imemwandikia Subilaga kwamba ana mgonjwa mpya, Mwandemele A., anayeomba dawa ya kupunguza mwili. Sasa, akina Mwandemele katika Lupondo wamejaa kama migomba, na huwezi kurusha jiwe bila kumpata mmoja. Hakufikiri mara mbili. Akawasha skrini, akasikia kile kikohozi alichokijua miaka yote kutoka nyuma ya ukuta wa ukweni, na miguu yake ikaamua kabla ya kichwa. Mwanamke mwenye shahada mbili na mhuri wa Jimbo akajikuta chini ya meza kama mwali aliyeletwa jana.

Tangu alipoolewa katika ukoo ule, Subilaga hakuwahi kuuona uso wa Mzee Angolwisye Mwandemele, wala mzee kuuona wa kwake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia migombani hadi mwenzake apite. Kukiwa na msiba, huyu yuko mbele ya nyumba na yule yuko nyuma. Koo nyingi siku hizi hufungua ukwe mapema, wakwe wakaanza kutazamana, kwa zawadi na vicheko, lakini mzee alikuwa ameshikilia ya wazee wake, na Subilaga, tuseme ukweli, alijivunia jambo hilo. Ilikuwa heshima nene. Kila alipofika kule, kabla mzee hajagusa chakula, alimsikia akiuliza kutoka chumba cha pili, “Mkwe wangu amekula?” Wenzake walioolewa kwa watu wanaotazamana hawakuulizwa.

“Mama,” akasema kutoka chini ya meza, “shikamoo. Mzee anaumwa nini?”

“Marahaba, mwanangu. Ni magoti,” mama mkwe akajibu, akijitokeza pembeni mwa ule mgongo na kufuta mikono kwenye kanga. “Yote mawili yamekwisha. Daktari wa mifupa amempa nafasi ya kuwekewa mapya mwezi wa saba, ila anasema hamgusi mpaka apungue. Akiikosa, ni kungoja mwaka mwingine, na huyu mwaka mwingine atakuwa wa kubebwa. Tukaambiwa tumwone daktari wa kata. Tumekaa hapa ndipo nakumbuka, jamani, daktari wa kata si ndiye wewe?”

“Nimegeuza kiti haraka sana,” mzee akasema kwa sauti ya kujisifu. “Hakuniona.”

“Sikuona kitu, mama. Mwambie.”

“Hakuona kitu,” mama akarudia, ingawa wote walikuwa wamesikia.

Shahidi akangoja kwa muda uliowekwa, kisha akafunga skrini mwenyewe. Kibandiko cha dawa hakikufunguliwa.

*

Vibandiko hivyo Subilaga alivijua kama anavyojua vidole vyake. Kimoja ni kidogo kama sarafu. Unakibandika juu ya mkono, chini ya bega, na sindano zake laini zinaingiza dawa inayouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba hata kama limepitiwa na uji tu. Kinatoka kiwandani kimefungwa, na hakifunguki mpaka daktari atume idhini yake. Nani anaweza kutuma idhini hiyo, na kwa masharti gani, kila jimbo katika Shirikisho limejiamulia.

Ng'ambo ya mto, katika Jimbo la Bonde, hakuna daktari kabisa. Mashine inakuuliza maswali, unajibu unavyotaka, kibandiko kinafunguka. Hapa katika Jimbo la Nyanda mambo ni mengine. Daktari awe binadamu, awe ndani ya jimbo, na awe amemtazama mgonjwa uso kwa uso kwenye skrini, huku Shahidi akithibitisha kwamba macho yao yamekutana. Tena kila mgonjwa ana daktari mmoja tu, yule wa kata yake, ili mtu aliyekataliwa hapa asizunguke zahanati zote hadi ampate wa kumkubalia. Kuhamishiwa kwa daktari mwingine kunapita barazani, na baraza halina haraka.

Watu wa Bonde wanaiita Kanuni ya Uso, nao wanaitaja huku wakicheka. Washamba wa Nyanda, wanasema, hata dawa hawaamini mpaka watazamane.

Subilaga hakucheka nao, kwa kuwa kanuni ile aliiandika yeye. Alipokuwa daktari mwanafunzi aliletewa msichana wa sekondari, Tumpe, aliyekuwa amejibu maswali ya mashine kana kwamba ni mama mzima mwenye kitambi. Mashine haikuwa na macho ya kuona shingo yake nyembamba wala mikono iliyobaki mifupa. Iliendelea kumshibisha hadi mwisho. Subilaga alimfumba macho kwa vidole vyake mwenyewe. Baadaye alisimama mbele ya Baraza la Jimbo akiwa na karatasi moja tu, akaisoma kwa sauti isiyotetemeka, na waheshimiwa wakapiga meza. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa Nyanda aliyekwenda kwa njia ile. Akipita barabarani mabega yake huwa juu, na wanaomjua hawamlaumu.

“Dakika mbili tu,” akasema mume wake.

Walikuwa mezani wakila mchana, wali wa Kyela na kisamvu, na mvua ilikuwa inapiga bati. Ambakisye ndiye fundi wa mashine za Shahidi wilaya nzima. Akiingia zahanati na begi lake, manesi humpisha kama askofu.

“Dakika mbili za nini?”

“Nampa Shahidi sura ya baba kutoka kwenye kitambulisho. Nampa na yako kutoka kwenye leseni. Anaona mmetazamana, anaridhika. Wewe unabaki na ukwe wako, baba anabaki na heshima yake, kibandiko kinafunguka. Nani ameumia?”

Subilaga akaweka kijiko. “Mume wangu, unajua unaloniomba?”

“Naomba baba yangu atembee!” Sauti ikampanda, kisha akaishusha. “Basi tumvushe mto. Akibandikwa Bonde, kibandiko kitajifunga akirudi huku kwa kukosa idhini ya Nyanda, nami nitakifungua.”

“Na ukishakifungua cha baba yako, utakataa cha nani?”

“Subi, huyu si mtoto wa shule anayedanganya uzito. Uzito wa baba unauona hata ukiwa umefumba macho. Kile kiti umekisikia. Unataka atambae kwa ajili ya maneno uliyoyaandika kwenye karatasi?”

Neno hilo lilimchoma. Akaiangalia mvua kupitia dirishani, naye Ambakisye akaona amevuka mpaka, akamwongezea maji kwenye glasi bila kuombwa.

Jambo lenyewe lilikuwa gumu kila upande. Akikubali ujanja wa mumewe, kanuni yake inakuwa ya kuwabana watu baki, na jamaa wa daktari wanapita mlango wa nyuma. Akishika kanuni, sheria inamruhusu kumwamuru mzee ageuke, na mzee akilazimishwa kutazamwa na mke wa mwanawe atajiona amevuliwa nguo hadharani. Mzee wa namna ile anaweza kukubali kukosa magoti kuliko kukosa adabu. Asipofanya lolote, mwezi wa saba unapita na mzee anabaki kitini.

“Sitamdanganya Shahidi,” akasema mwishowe. “Na sitamlazimisha baba. Nitamwambia ukweli, aamue yeye.”

“Na akikataa?”

“Nitalia. Lakini sitatia mhuri.”

*

Siku ya miadi ya pili skrini ilipowaka, mgongo ulikuwa mahali pake, na daktari alikuwa mahali pake chini ya meza. Safari hii alitandika mkeka.

“Mama, shikamoo. Mwambie mzee namsalimu.”

“Anakusalimu,” mama mkwe akauambia mgongo.

“Ndaga,” mgongo ukashukuru. “Mwulize amekula?”

“Nimekula, mama. Mwambie nina maneno, na yanaweza kumkera.”

“Aseme. Mimi nimekwisha kukerwa na magoti.”

Subilaga akavuta pumzi. “Mwambie kwamba dawa hii siwezi kuifungua bila kumwona uso. Si mashine inayokataa, ni mimi. Mume wangu alinipa njia ya kumdanganya Shahidi, nikakataa. Angekuwa baba wa mtu mwingine ningekataa. Nikikubali kwa sababu ni baba mkwe wangu, nitamtazamaje mama yake Tumpe nikikutana naye sokoni? Lakini simwamuru ageuke. Ukwe ni wake, aufungue au aufunge mwenyewe.”

Kiti hakikulia hata kidogo. Mama mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kurudia kila neno, safari hii hakurudia.

“Mama Ambakisye,” mzee akasema polepole, na sauti yake ikakwaruza. “Huyu binti anadhani nashikilia mila tu. Alipoolewa nilikuwa mwanamume. Nilikuwa natoka shamba na gunia la viazi bega hili na gunia bega hili, nakuja naimba. Watu walimsimulia. Huko nyuma ya ukuta, mimi kwake ni yule yule. Sasa nigeuke aone nini? Tumbo limetangulia, miguu imevimba, nanyanyuliwa kitandani na mke wangu kama mtoto. Niacheni niwe yule wa magunia.”

Subilaga akasikia macho yanamjaa maji. Hakuwa amelitegemea hilo. Alijiandaa kubishana na mila ya watu wazima, na kumbe alikuwa anaongea na mtu mwenye aibu.

“Mama, mwambie mzee habari za magunia nilizisikia na nilizipenda. Ila mkwe ninayejivunia mimi ni yule anayeuliza kama nimekula. Huyo hajanenepa hata kidogo.”

Mama akacheka kabla hajajizuia. Mgongo ukatikisika, kwanza kidogo, kisha wote, na kiti kikalia vibaya sana.

“Na Ambakisye kweli alimwambia amdanganye Shahidi?”

“Alimwambia,” mama akajibu.

“Mwanangu mwenyewe? Kwa ajili yangu?”

“Kwa ajili yako.”

“Naye akakataa?”

“Si umemsikia? Kakataa.”

“Basi ukoo wetu umeoa!” mzee akasema kwa sauti ya kuita shamba la pili. “Umeoa mtu! Yule ndama mwekundu, yule mwenye doa kwenye paji, ni wake. Nakupa wewe uwe shahidi, na kidude hicho nacho kisikie. Namfungulia ukwe.”

“Baba, daktari haruhusiwi kupokea zawadi ya mgonjwa,” Subilaga akasema, na ndipo akang'amua amemsemesha moja kwa moja, bila kumpitia mama.

“Nani kampa daktari? Nimempa mkwe!”

Mama mkwe akapiga vigelegele peke yake mle ndani, virefu, vikatosha kwa ukumbi mzima. Akamwendea mumewe kumshika, akasukumwa mkono. Mzee alitaka kugeuka mwenyewe. Akashika mikono ya kiti, akanyanyua makalio kidogo, akasogeza mguu mmoja, akatukana goti, akasogeza wa pili. Ilimchukua muda, na jasho likamtoka, lakini aligeuka.

Subilaga akatoka chini ya meza, akapangusa koti, akasimama wima mbele ya skrini.

Walitazamana. Mzee alikuwa na macho ya Ambakisye, yale yale yenye kope ndefu kama za ndama, na kidevu kilichoinuliwa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Subilaga akapiga goti kidogo kwa heshima, akatabasamu, machozi yakamtoka bila ruhusa. Mzee akamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Kumbe mrefu,” akasema.

“Nyuso zote mbili zimeonekana,” Shahidi akatangaza. “Daktari anaweza kuendelea.”

Kwenye meza taa ya kijani ikawaka. Kilichobaki ni kuweka kidole gumba pale, idhini iende, kibandiko kifunguke, na mwezi wa saba mzee akalale kwenye meza ya daktari wa mifupa. Subilaga akanyoosha mkono, na jicho la daktari ndani yake likaona skafu.

Ilikuwa skafu nzito ya sufu, imezungushwa shingoni, na kule sebuleni mtu alikuwa anatokwa jasho.

“Baba, nakuomba utoe skafu.”

“Shingo yangu inapata baridi.”

“Baba.”

Akaitoa. Upande wa kulia wa koo, chini kidogo ya kidevu kile kilichoinuliwa, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku.

“Mama, mpe maji. Baba, meza funda moja, taratibu.”

Mzee akameza. Uvimbe ukapanda na kushuka pamoja na koo.

“Uvimbe huu una muda gani?”

“Ni mafuta hayo,” mzee akasema, na sasa Subilaga akausikia vizuri ule mkwaruzo wa sauti, ambao siku zote aliudhania ni uzee. “Mtu mnene ana mafuta kila mahali.”

“Hata mimi niliona, mwanangu,” mama mkwe akasema kwa unyonge. “Nikajua ni unene.”

“Kwenu kuna aliyewahi kuvimba shingo, baba?”

“Marehemu kaka yangu. Ilimwondoa.”

Subilaga akaurudisha mkono wake taratibu kutoka kwenye taa ya kijani. Dawa ile hunyamazisha njaa za watu wengi bila kuwadhuru, lakini kuna aina moja ya uvimbe wa tezi, unaotembea katika damu ya ukoo, ambao haupaswi kukaribiana nayo. Hakujua kama huu ni wa aina hiyo. Lakini alikuwa ameuona, na aliyeuona hawezi kujifanya hajauona.

“Baba, sitakupa kibandiko.”

Mzee akakodoa macho. “Nimegeuka! Ukwe wa baba zangu nimeuvunja mbele ya mke wangu, uso nimekuonyesha, na ndama nimetoa!”

“Ndiyo, baba. Nimekuona, na ndiyo sababu sikupi. Kesho asubuhi Ambakisye anakupeleka kwa daktari wa shingo. Magoti yatangoja.”

“Magoti hayangoji!”

“Baba,” akasema, na sauti yake ikawa ile iliyosoma kanuni mbele ya Baraza, “nimekwisha kusema.”

Akabonyeza taa nyekundu. Sebuleni mzee alitazama kwenye skrini pale uso wa mkwewe ulipokuwa, hata baada ya picha kuzimika.

*

Uvimbe ulikuwa wa aina ile mbaya. Madaktari wa shingo walikuwa wamesita juu ya uzito wake, wakaona kungoja ni hatari zaidi, wakampasua. Waliutoa mzima, ungali mdogo kiasi cha kutolewa, na daktari aliyeushika alimpigia simu Subilaga mwenyewe. Alisema angependa kujua nani aliyeuona kupitia skrini, kwa sababu ungelishwa dawa ile miezi michache tu, wasingekuwa na la kutoa. Subilaga alikata simu, akaegemea ukuta wa korido, akajiachia akalia kwa sauti. Ambakisye, alipoambiwa, alitoka nje, akarudi na chai ya tangawizi, akaketi karibu na mkewe hadi ikapoa.

Mwezi wa saba ukapita bila magoti. Mzee Angolwisye alianza kupungua kwa njia ndefu, kwa mboga, kwa kunyimwa maziwa mgando, na kwa kuburuta kigari cha kutembelea kutoka kwake hadi zahanati, mwendo ambao wengine huufanya kwa kupiga mluzi. Kupimwa kwake kungeweza kufanyika kwa skrini. Hakutaka kusikia habari ya skrini. Kila wiki alikuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi la kungojea, na kovu lake jipya likiwa wazi, bila skafu, ili kila mtu alione.

Siku moja akaingia Diwani Mwaipungu wa kata ya pili, suti imembana, harufu ya manukato imemtangulia. Binti yake alikuwa anaolewa, na yeye alitaka tumbo limtoke kabla ya picha. Daktari wa kata yake alikuwa amemwambia hastahili dawa.

“Hapa mimi singojei,” akamwambia nesi kwa sauti ya watu wote wasikie. “Mwambie daktari nipo. Mimi na yeye ni karibu ndugu. Mama yangu na shangazi yake waliimba kwaya moja.”

Nesi akafungua mdomo, lakini benchi likalia kwanza. Mzee Angolwisye alikuwa anasimama. Alisimama polepole, kwa kigari na kwa mikono, hadi akawa amesimama wima, mpana bado, akamtazama diwani kutoka juu.

“Kwaya?” akasema kwa ile sauti yake iliyobaki nusu. “Mimi ni baba mkwe wake. Nilimfungulia ukwe, nikampa ndama mwekundu, akanitazama usoni hivi ninavyokutazama, na akaninyima!” Akageukia benchi zima, mkono kifuani, uso umemng'aa kwa fahari. “Mimi! Akaninyima mimi! Sasa wewe, bwana mkubwa, wewe ni nani usinyimwe?”